Wenzangu wa sukari, kutoka Malaba hadi Elegu

Mimi ni dereva wa lori. Mizigo yangu huanzia Malaba, mpakani na Kenya, na mara nyingi huishia Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Nikibahatika, tajiri hunipa safari fupi ya Kampala. Naanza na hili kwa sababu karibu kila jambo la kisukari changu limegongana na usukani: mkojo, macho, chakula, usingizi, na vidonge vinavyotakiwa kumezwa saa ambayo wewe uko kwenye foleni ya mizani.

Kilianza kwa kiu. Jerikeni la lita tano lilikuwa linaisha kabla hatujafika Mbale, halafu kila baada ya muda mfupi nasimamisha gari naingia kichakani. Tanboi wangu, msaidizi wa garini, akaanza kunitania kwamba nimeoa huko. Nikakonda, suruali ikabaki kushikiliwa na mkanda tu. Nilitibiwa malaria, kisha taifodi, kwa sababu huku kwetu mtu akisema mwili hauna nguvu, hayo mawili ndiyo hutangulia. Usiku mmoja, tukitoka Soroti kwenda Lira, taa za magari yanayokuja zikaanza kutanuka mbele ya macho yangu kiasi kwamba sikuona tena ukingo wa barabara. Nililala hapo hapo kando ya njia.

Niliporudi Malaba nikaingia zahanati iliyo karibu na yadi. Muuguzi mmoja kijana, aliyesikiliza kuliko wenzake wote walionitangulia kunitibu, alinitoboa kidole. Mashine ikaandika 19.4, kwa kipimo cha mmol/L. Akanieleza kwamba mtu mwenye dalili kama zangu akipimwa saa yoyote na kukutwa na 11.1 au zaidi, hicho ni kisukari. Na anayepimwa asubuhi kabla ya kula, mpaka ni 7. Kipimo kile kilinigharimu shilingi elfu tano. Dawa za malaria na taifodi nilizokuwa nimemeza bure zilikuwa zimekula pesa mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa na kiu isiyokatika, unakojoa ovyo na unakonda, wewe mwenyewe omba upimwe sukari. Usingoje mtu aikumbuke.

Sasa, hofu. Katika maisha yangu nilikuwa namjua mtu mmoja tu mwenye sukari: baba yangu mdogo. Alikatwa mguu, akapoteza macho, akafa. Niliposikia neno kisukari nilijiona juu ya kitanda chake. Sikumwambia mke wangu wala tanboi, na tajiri ndiyo kabisa, maana nani anampa mgonjwa lori la mamilioni? Vidonge nilivificha kwenye kisanduku cha fyuzi. Nilikuwa navimeza gizani, tumbo tupu, na tumbo likawa linanilipa kwa kuharisha. Nikaanza kuviruka siku za safari ndefu. Daktari alikuwa amenieleza vizuri tu, sina la kumlaumu, lakini mtu mwenye hofu husikia nusu ya maneno.

Kilichonibadilisha ni benchi la kliniki ya sukari huko Tororo.

Kliniki hizi katika hospitali zetu huwa na siku yake maalumu ya wiki. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, sijala kama nilivyoagizwa, nikidhani nimewahi. Benchi lilikuwa limeshajaa. Kila mtu ameshika daftari lake la shule, lile ambalo sisi wagonjwa wa Uganda hujinunulia wenyewe, na ndani yake mna tarehe, presha, sukari, uzito na dawa. Walikuwepo Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, na watu wa mpakani kama mimi. Kiswahili kikawa ndicho cha wote, nusu cha sokoni, nusu cha jeshini.

Cha jeshini kilikuwa cha mzee aliyekaa upande wangu wa kulia, askari mstaafu ambaye wote walimwita Afande.

"Kijana, wewe ni mgeni hapa," akasema.

"Umejuaje, mzee?"

"Umeshika daftari kama hati ya mahakama."

Sikucheka. Akaniangalia kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele za watu, "Unaogopa mguu?"

Sikuwa nimetaja mguu. Kumbe kila anayefika pale mara ya kwanza ana mguu wa mtu kichwani mwake. Yule mzee akainama, akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, akavuta soksi nyeupe, akaweka mguu wake juu ya benchi kati yangu na yeye. Kucha zilikuwa zimekatwa kwa mstari ulionyooka, hazikuzungushwa pembeni. Unyayo ulikuwa umepakwa mafuta, lakini katikati ya vidole pakavu. Kwenye kisigino palikuwa na kovu la zamani, upana wa sarafu.

"Hili ni la msumari wa kiatu," akasema. "Sikuusikia. Nilitembea nao kutwa nzima. Jioni soksi ndiyo iliyonipa habari." Ndiyo maana anavaa nyeupe: damu au usaha huonekana mara moja. Kila jioni anaosha miguu, anaikausha hasa kati ya vidole, kisha anaangalia chini ya unyayo kwa kioo kidogo cha kunyolea. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kiatu, anatia mkono ndani kutafuta jiwe au kichomi. Alipogundua ule msumari alikuja hospitali kesho yake, hakungoja kidonda kinuke. Mtu huyu alipata sukari wakati wa vita vya kaskazini, zaidi ya miaka 20 iliyopita, na vidole vyake kumi vipo.

Mambo hayo ya miguu daktari alishaniambia. Yameandikwa hata kwenye karatasi ukutani. Lakini karatasi haina kisigino. Pale nilikuwa natazama mguu wa mtu aliyetangulia mbali sana kwenye njia ambayo mimi nilidhani ni fupi, na anautumia kuja kliniki kwa baiskeli. Nilihisi kifua kinalegea. Nadhani nililia kidogo, na yeye akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Upande wa pili alikuwepo mama mmoja anayeuza samaki wakavu. Huyo ndiye aliyenifundisha kula. Alikuwa na kikapu, na mara tu alipotobolewa kidole akatoa kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na njugu kidogo, akala pale pale, maana dawa zake hazitaki tumbo tupu. Nilimwambia mimi nimeshaacha ugali, wali, matoke, viazi, kila kitu, nakula nyama na maji. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, utaishi hivyo mpaka lini? Hakuna chakula cha wenye sukari na chakula cha watu. Nyumbani kwangu wote wanakula sahani yangu."

Sahani yake ni hii: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo iliyobaki ndiyo ugali au kiazi. Chai haina sukari, na soda ni marufuku isipokuwa kwa kazi moja nitakayoieleza mbele. Kwa dereva jambo hili linawezekana kuliko nilivyodhani. Kuanzia Lira hadi Gulu hoteli za njiani huwa na malakwang au mboga nyingine ya njugu. Unaomba mboga iwe nyingi na kipande cha ugali kiwe kimoja, na hakuna anayekushangaa. Namawojjolo, kwenye njia ya Kampala, kuku wa kuchoma ni halali yako. Chapati na gonja, zile ndizi za kuchoma, anazokusukumia muuzaji dirishani ndizo za kukataa. Kilichoniuma zaidi ni kuachana na vile vinywaji vya makopo vya kuondoa usingizi. Vilikuwa ndivyo vinavyonifikisha Elegu, na vilikuwa sukari tupu.

Kulikuwa pia na binti wa shule, amevaa sare, miaka 14, amekuja na shangazi yake. Yeye ana aina ya kwanza, ambayo mwili hautengenezi kabisa insulini, kile kinachoshusha sukari ya damu, kwa hiyo hujidunga kila siku. Sisi wengine wengi ni aina ya pili. Sista, muuguzi anayetoa somo la asubuhi, alitusimulia kwamba kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921, mtoto mwenye ugonjwa huo hakuwa na matumaini ya kuishi. Wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana aliyeitwa Leonard Thompson, naye alikuwa na miaka 14. Binti akasema, "Kama mimi," kisha akarudi kwenye kitabu chake cha hesabu. Mimi, mwanamume mzima, nilikuwa nimeshamwapia daktari kwamba sindano sitaikubali kamwe. Sijalirudia neno hilo tangu siku hiyo.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza Afande kuhusu macho, maana nilitaka kununua miwani. "Usinunue bado," akasema. Sista akakubaliana naye: sukari ikiwa juu sana lenzi ya jicho huvimba na kuona hubadilika, na sukari ikishuka macho huchukua wiki kadhaa kutulia. Kweli, taa za usiku zilirudi kuwa taa. Baadaye nilikutana na dereva aliyenunua miwani ya bei kali wiki aliyopimwa. Ipo kwenye boksi, haimfai.

Wenzangu wa barabarani niliwapata kwa njia rahisi ajabu: niliacha kujificha. Sista alikuwa ameniambia vidonge vya metformini nivimeze katikati ya chakula, na daktari akanishusha nianze na kimoja, kisha tupande polepole. Kwa hiyo nikiwa hotelini Kamdini nilivitoa mfukoni mezani, mbele za watu. Dereva aliyekaa mkabala nami, mtu wa Mombasa, akavitazama, akaingiza mkono kwenye koti, akaweka pakiti yake kando ya yangu.

"Mwaka wa sita," akasema.

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Yeye alimjua mwingine wa Eldoret, na huyo alimjua mwingine wa Gulu. Sasa tukikutana yadi ya Elegu tukingoja karatasi za forodha, tunakaa pamoja, na maswali yanayoulizwa pale sijawahi kuyasikia kliniki. Utafanya nini na insulini kwenye joto la huku? Mtu wa Mombasa anatumia ya asubuhi na jioni. Anaiweka ndani ya chupa ya kutunza baridi, ameizungushia kitambaa ili isigusane na barafu, kwa sababu insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Kwenye dashibodi haikai hata dakika. Nyumbani kwake akiba hukaa kwenye friji, na umeme ukikatika kuna chungu cha maji cha kuipozea. Nilipomtania kwamba angempa dereva wa lori la baridi amtunzie, alisema aliwahi kulifikiria.

Na lile jingine. Usiku, wakati vijana wameshalala, mwenzetu mmoja mwenye umri mkubwa alisema tu, "Na mambo ya chumbani je?" Kimya kikaanguka. Halafu mmoja akasema yake yamelala, wa pili akasema hivyo hivyo, na mimi niliyekuwa nikidhani mke wangu ananiona nina mwanamke Elegu, nikapumua. Sukari ya juu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na huko nako hufika. Nilimweleza daktari, na hakushangaa hata kidogo, kuna matibabu. Alichonikataza ni vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kwa siri stendi, hasa kwa mtu anayetumia dawa fulani za moyo, maana presha inaweza kuporomoka na kumuua. Usiku ule ndio ulionipa ujasiri wa kumwambia mke wangu yote. Alikasirika kweli kweli, lakini kwa kufichwa, ugonjwa wenyewe haukumkasirisha.

Lakini nisiwapambe wenzangu kupita kiasi. Kwenye makundi ya wagonjwa hupatikana faraja, na hupatikana pia upuuzi unaosemwa kwa sauti ya uhakika. Yupo aliyetuambia sukari ikisoma 6 unaacha dawa, umepona. Yupo anayechemsha mululuza, yale majani machungu, kila asubuhi na kudai vidonge ni biashara ya wazungu. Yeye anapima mara moja kwa mwaka na hasemi ilisoma ngapi. Na yupo yule wa Gulu, ambaye nusura atuache. Dawa zake zilimwishia njiani, akaomba za mwenzake, akapewa glibenklamidi, vidonge vingine vya kushusha sukari, ambavyo yeye hakuwahi kuandikiwa. Akameza viwili, akaendesha bila kula. Karibu na daraja la Karuma akaanza kutetemeka na kulowa jasho, maneno yanamtoka ovyo. Bahati tanboi wake alikuwa anajua, maana mwenyewe alishamwambia. Akamlazimisha asimame, akamnywesha soda.

Hiyo ndiyo kazi moja ya soda. Sukari ikiwa chini ya 4 imeshuka, na ubongo hauna subira. Nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, pima. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula cha kweli. Mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kwetu madereva daktari aliongeza: hata sukari ikirudi sawa, ngoja dakika 45 kabla ya kushika usukani, kwa kuwa akili huchelewa kurudi. Wanaohusika hasa ni wa insulini na wa dawa za aina ya glibenklamidi; metformini peke yake si rahisi kukushusha hivyo. Ndiyo sababu dawa ya mwenzako si dawa yako, hata kama mnaitana ndugu.

Pesa inauma, na hapo wenzangu wamenisaidia kuliko mahali pengine. Hospitali ya serikali dawa ni bure zikiwepo. Zisipokuwepo unaandikiwa ukanunue, na duka moja kwa jingine bei hazifanani, kwa hiyo tunapeana habari za duka gani mji gani. Stripi za kupimia ndizo mzigo. Pakiti ya 50 hunitoka elfu hamsini na zaidi, na kabla ya kununua mashine uliza kwanza kama stripi zake zinapatikana, kwa sababu mashine ya zawadi isiyo na stripi ni pambo. Siwezi kupima kila siku mara tatu. Afande alinifundisha kuzitumia kwa akili: siku kadhaa asubuhi kabla ya kula, siku nyingine saa mbili baada ya chakula ninachokitilia shaka, na daima kabla ya safari ya usiku. Mwanzoni tuliwahi kushirikiana mashine moja pale Elegu, lakini sindano ya kutobolea kila mtu alikuwa na yake, na kile kifaa chake pia. Homa ya ini na Ukimwi havijali kama mna sukari wote.

Tajiri nilimwambia mwisho. Nilienda na daftari, nikamwonyesha mistari: 19.4, 14, 11, 8.2. Alisoma kimya, kisha akaniambia mama yake anayo. Alininyang'anya safari za usiku, jambo lililonipunguzia posho, na sijui kama nimshukuru au nimnunie.

Yamebaki macho. Kuona vizuri hakumaanishi jicho ni zima. Sukari huweza kuharibu nyuma ya jicho miaka mingi bila dalili, kwa hiyo kila mwaka mtu anatakiwa akaguliwe, na mimi sijakaguliwa hata mara moja. Sababu ni ya kidereva: wanakutia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa huoni karibu, mwanga unakuchoma, huwezi kuendesha chochote. Afande anapaswa kwenda pia mwezi ujao, kwa hiyo tumepanga tupande teksi pamoja, na binti yake aje kutuongoza kurudi stendi. Lori nitaliacha yadi, na ufunguo nitamwachia mke wangu.